MONTESSORI: Jina la kwenye mabango ya chekechea, na mtoto aliyeachwa kijijini

Leo naomba mniazime dakika zenu chache, najua wengine mko kafe na muda mliolipia unakimbia. Sio siasa leo, wala mpira. Nataka kuwasimulia maisha ya mwanamke mmoja ambaye jina lake mmelipita mara mia mkiwa kwenye daladala, bila kujua kuwa ni jina la mtu.

Montessori.

Ndiyo, hilo hilo lililoandikwa kwenye ukuta wa chekechea, pembeni ya katuni iliyochorwa vibaya. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilidhani ni aina ya shule, kama vile bweni au kutwa. Kuna wengine nimewasikia wakisema ni Kiingereza cha chekechea ya gharama. Kumbe ni jina la ukoo, la mwanamke aliyezaliwa, akasoma, akapenda, akazaa, akaumia, akafa. Na hapo kwenye kuzaa ndo penye habari yangu ya leo.

Kwanza nijitambulishe, maana humu sijawahi kuandika, huwa nasoma tu na kupita. Kazi yangu ni kulea watoto wa watu. Nafanyia nyumbani kwangu, Mbagala, chumba na sebule na uwanja mdogo wa uani. Nina watoto tisa. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu, mkubwa ana miaka minne. Mama zao wanawaleta kuanzia saa 12 alfajiri, wengine bado wamelala mgongoni, halafu wanakimbilia kwenye kazi zao. Yupo anayeuza samaki Feri, yupo mama ntilie, yupo wa kiwandani, yupo karani. Jioni wanarudi kuwachukua, na siku za foleni mbaya natua mzigo saa mbili usiku.

Watu wanasema hiyo sio kazi. Wanasema nashinda nyumbani tu. Haya, njoo siku moja ushinde nyumbani na watoto tisa, wawili wanaharisha, halafu tuongee.

Siku moja nilikwenda kafe kutafuta ushauri kuhusu mtoto mmoja aliyekuwa anang'ata wenzake. Nikakumbuka lile jina la ukutani, nikaliandika kwenye Google. Nilikuwa nimelipia nusu saa. Nikaishia kulipia saa nzima, sio kwa sababu ya mtoto wa kung'ata, ila kwa sababu ya mstari mmoja niliousoma kuhusu huyo mama. Baada ya siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata. Basi bwana, tuanze mwanzo.

BINTI ALIYEUKATAA UALIMU

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na Ancona, nchini Italia. Alikuwa mtoto pekee. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali upande wa fedha. Mama yake, Renilde, alikuwa mtu wa vitabu. Mwaka 1875 familia ikahamia Roma, na huko ndo ukaidi wa binti ukaanza kuonekana. Akiwa na miaka 13 akaingia shule ya ufundi, ambayo ilikuwa mambo ya wavulana, kwa sababu alitaka kuwa injinia. Wazazi wakamshauri awe mwalimu, maana ndo kazi pekee iliyoonekana inamfaa mwanamke. Akakataa katakata. Chochote kile, ila sio ualimu! Chekeni kidogo hapo, maana mwisho wake mnaujua.

Baadaye uinjinia ukamtoka akataka udaktari. Akaingia Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1890, akaanza na sayansi, halafu akasogea kwenye udaktari. Katikati ya wanaume. Inasimuliwa kuwa hakuruhusiwa kupasua maiti pamoja na wanafunzi wa kiume, kwa hiyo alikuwa anafanya zoezi hilo peke yake jioni wenzake wakishaondoka, na alikuwa anavuta tumbaku ili kuishinda ile harufu. Fikiria binti wa miaka ishirini na kitu, usiku, taa hafifu, yeye na maiti.

Mwaka 1896 akahitimu. Sehemu nyingi wanaandika kuwa ndo daktari wa kwanza mwanamke Italia. Sio kweli, walikuwepo wachache kabla yake. Lakini alikuwa mmoja kati ya wa mwanzo kabisa, na mwaka huo huo alikwenda Berlin kwenye mkutano wa kimataifa wa wanawake akasimama kudai mwanamke alipwe sawa na mwanaume kwa kazi ile ile. Mwaka 1896 jamani.

MAKOMBO YA SAKAFUNI

Akapata kazi kwenye kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu. Ilibidi azunguke kwenye hospitali za vichaa za Roma, na humo akakuta watoto. Watoto ambao siku hizi tungesema wana mtindio wa ubongo, wengine walikuwa wazito tu wa kujifunza, wamefungiwa ndani pamoja na watu wazima wenye wazimu. Kuna kisa kinachosimuliwa sana. Mlinzi wa chumba kimoja alikuwa anawalalamikia watoto kuwa ni walafi, wakimaliza kula wanajitupa chini kuokota makombo. Montessori akaangalia kile chumba. Hakukuwa na kitu. Hakuna mdoli, hakuna kijiti, hakuna kokoto. Akaona kuwa wale watoto hawakuwa na njaa ya tumbo, mikono yao ndo ilikuwa na njaa. Yale makombo ndo yalikuwa kitu pekee cha kushika.

Nilivyosoma hapo niliacha kuandika ujumbe niliokuwa namwandikia mama wa yule mtoto wa kung'ata. Nikajiuliza, hivi sebuleni kwangu kuna nini cha kushika? Jibu lilikuwa aibu. Televisheni, ambayo hairuhusiwi kushikwa.

Akawasoma madaktari wawili wa Kifaransa wa zamani, Itard na Séguin, waliowahi kuwafundisha watoto walioonekana hawafundishiki. Mwaka 1900 akawa mmoja wa wakuu wa shule mpya ya Roma ya kufundisha walimu wa watoto wa namna hiyo. Watoto walioletwa pale wakajifunza kusoma na kuandika, na wapo waliofanya mtihani ule ule wa watoto wa kawaida wakafaulu. Watu wakapiga makofi. Yeye akajiuliza swali la kukera zaidi: kama hawa wanaweza kulingana na watoto wazima, basi hao wazima wanafanyiwa nini huko mashuleni mpaka wabaki hapo hapo?

MTOTO WA KIJIJINI

Sasa tufike kwenye ule mstari wangu.

Kwenye kazi hiyo alikuwa na mwenzake, daktari anaitwa Giuseppe Montesano. Wakapendana. Tarehe 31 Machi 1898 Maria akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mario. Hawakuwa wameoana.

Italia ya wakati ule, mwanamke akiolewa anategemewa aache kazi. Akizaa bila ndoa, ni kashfa ya kuangusha kila kitu, udaktari, jina, heshima ya wazazi. Kwa hiyo mtoto akapelekwa kijijini, nje ya Roma, akalelewa na watu wengine. Mama yake alikuwa anakwenda kumtembelea, lakini mtoto hakuambiwa kuwa yule mama ni nani. Mwaka 1901 Montesano akaoa mwanamke mwingine. Mwaka huo huo Maria akaondoka kwenye ile shule, akarudi chuo kusoma upya kana kwamba anaanza maisha.

Jamani, mimi nilisoma hapo mara tatu.

Pale mtaani kina mama wananiita mama fulani, jina la mwanangu. Wengi wao hawajawahi kumwona. Mwanangu yuko Njombe kwa bibi yake tangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Sasa hivi ana miaka sita. Nilimwacha kwa sababu baba yake alipotea na mimi nilikuja mjini kutafuta riziki, na riziki niliyoipata, kwa maajabu ya Mungu, ni kulea watoto wa watu. Nawaosha, nawalisha uji, nawabembeleza walale. Kwa simu mwanangu ananiita dada, kwa sababu amesikia mama yangu ananiita mwanangu na yeye pia anamwita mwanangu. Kichwani mwake sisi ni ndugu. Sikuwahi kumsahihisha kwa ukali. Nilikuwa najiambia akikua ataelewa.

Haya, tuendelee na huyu wa Roma.

CHUMBA CHA SAN LORENZO

Kulikuwa na mtaa unaitwa San Lorenzo. Majengo yake yalianzwa wakati biashara ya ujenzi imeshamiri, pesa zikakatika, yakabaki nusu nusu, watu maskini wakajazana ndani bila maji wala mpangilio. Baadaye kampuni moja ya majumba ikayanunua ikayakarabati na kuwapangisha familia za wafanyakazi. Likabaki tatizo moja. Baba kazini, mama kazini, wakubwa shule, halafu wale wadogo ambao umri wa shule bado wanashinda kutwa nzima kwenye ngazi na korido, wanachafua kuta, wanavunja vitu. Wenye nyumba wakapiga hesabu: kuliko kutumia pesa kukarabati kila mara, bora pesa hiyo hiyo itumike kuwaweka hao watoto kwenye chumba kimoja na mtu wa kuwaangalia.

Yaani mnaona? Sio mapenzi ya watoto. Ilikuwa ni kuokoa rangi ya ukuta. Mkurugenzi wa kampuni, Edoardo Talamo, akamwendea Dk. Montessori, akakubali. Tarehe 6 Januari 1907 chumba kikafunguliwa katika jengo la Via dei Marsi namba 58, na watoto kama hamsini hivi. Kikaitwa Casa dei Bambini, maana yake nyumba ya watoto. Mama huyu alikuwa na miaka 36. Mwanae wa kijijini alikuwa anakaribia 9.

Niwaambie kilichonifurahisha mimi kama mtu wa kazi hii. Haikuwa shule kubwa ya kifahari. Kilikuwa chumba cha jengo la wapangaji, kwa ajili ya watoto wa majirani. Mlezi aliyewekwa pale hakuwa mwalimu mwenye cheti, na kanuni zilimtaka aishi ndani ya jengo hilo hilo pamoja na familia za watoto. Mzazi halipi chochote. Ila alete mtoto msafi, amheshimu mlezi, na angalau mara moja kwa wiki mama aje waongee na mlezi kuhusu mtoto. Mtoto akiletwa mchafu, anaweza kufukuzwa. Hiyo ya kuongea na mama kila wiki nimeiiba, na nitawaambia matokeo yake baadaye.

Mwanzoni watoto walikuwa wanalia, waoga, hawasemi. Vifaa vilikuwa vinafungiwa kwenye kabati kwa ufunguo. Siku moja mlezi akachelewa, na kabati lilikuwa limesahaulika wazi. Akakuta watoto wameshachagua vitu wenyewe na kila mmoja yuko kimya anafanya kazi yake. Mlezi akaona ni wizi. Montessori akaona ni kuchagua. Baada ya hapo zikawekwa kabati fupi, wazi, mtoto anafikia mwenyewe, anachukua, anarudisha.

Siku nyingine akamwona binti wa miaka mitatu hivi anaingiza vigogo vya mbao kwenye matundu yake, anavitoa, anaanza tena. Akaagiza wengine waimbe kumzunguka. Binti hakushtuka. Wakambeba na kiti chake kumweka juu ya meza, akavikumbatia vigogo vyake akaendelea. Akarudia zaidi ya mara 40, halafu akaacha mwenyewe, anatabasamu kama aliyeamka usingizini. Sisi tunasema watoto hawatulii. Kumbe tunawakatiza.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kamasi. Siku moja akaamua kuwafundisha watoto namna ya kupenga kamasi. Akatoa leso, akawaonyesha taratibu, kwa adabu, bila kelele. Alitegemea watacheka. Wakamaliza kumwangalia, wakampigia makofi kama wako kwenye tamasha. Akaelewa kwa nini. Mtoto kila siku anasimangwa kwa sababu ya makamasi, anaaibishwa mbele za watu, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukaa chini kumwelekeza namna ya kuyatoa.

Mimi hapo nilitoa machozi wadau, msinicheke. Miaka mitano ninafuta makamasi ya watoto wa watu, na sikuwahi kumfundisha hata mmoja.

Kuhusu kuandika, alikata herufi kwenye karatasi ya msasa, ile ile ya fundi seremala, watoto wakawa wanapitisha kidole juu yake. Mkono unajifunza kabla ya jicho. Siku moja wako juu ya paa, akampa mtoto wa miaka mitano chaki achore bomba la moshi. Akachora. Akasifiwa. Ghafla akaanza kuandika maneno sakafuni, akipiga kelele kuwa anaweza kuandika. Wenzake wakadaka chaki. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kuandika kwa maana tunayoijua sisi, ya fimbo na daftari la mistari.

DUNIA INAMFUATA, NA MARIO ANAKUJA

Mwaka 1909 akaandika kitabu chake cha kwanza cha njia hiyo. Mwaka 1912 kikatoka kwa Kiingereza, kikasomwa sana Marekani. Mwaka 1913 akaenda huko akahutubia ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Mwaka 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, likajengwa darasa lenye ukuta wa vioo, watu wanakaa nje kuangalia watoto ndani wanavyofanya kazi zao bila kuwajali. Udaktari akauacha. Akaishi kwa kufundisha walimu na kwa mauzo ya vitabu na vifaa.

Mama yake Renilde alifariki Desemba 1912. Muda mfupi baada ya hapo, Mario akiwa na miaka kama 15, Maria akaenda kumchukua. Inasimuliwa kuwa kijana alikuwa ameshahisi mwenyewe kwa muda mrefu kuwa yule mgeni wa kuja na kuondoka ndo mama yake, na aliondoka naye bila kuuliza maswali mengi. Akaanza kutumia jina la Montessori. Ila mbele za watu bado ilikuwa siri. Kwa wageni alikuwa anatambulishwa kama mpwa, au mtoto wa kulea. Mwanamke ambaye dunia nzima inamwuliza namna ya kulea watoto, hawezi kusema hadharani huyu ni wangu.

Baada ya hapo hawakuachana. Mario akawa msaidizi wake, mkalimani wake, mratibu wake. Mwaka 1929 wakaanzisha chama cha kimataifa cha Montessori, ambacho kipo mpaka leo.

Mimi sipendi kusimulia mtu kama malaika, kwa hiyo na hili niliseme. Mwaka 1924 alipokea msaada wa Mussolini, yule dikteta wa Italia, shule zake zikaenezwa kwa nguvu ya serikali. Kwa miaka kadhaa akanyamaza. Lakini huwezi kulea mtoto achague mwenyewe, halafu umvalishe sare umfundishe kutii bila kuuliza. Ikavunjika, na mwaka 1934 shule zake Italia zikafungwa. Ujerumani ya Hitler nayo ikazifunga za kwake. Alikuwa anaishi Barcelona, na vita vya Hispania vilipoanza 1936 akakimbia tena, akaishia Uholanzi.

ZAWADI YA BIRTHDAY

Mwaka 1939 yeye na Mario wakaenda India, Madras, kufundisha walimu. Walipanga kukaa miezi michache. Juni 1940 Italia ikaingia vitani upande wa Ujerumani, na India ilikuwa chini ya Waingereza, kwa hiyo ghafla wao wakawa raia wa adui. Mario akakamatwa akawekwa kambini. Mama akabaki Madras, amezuiwa kusafiri.

Tarehe 31 Agosti 1940 akatimiza miaka 70. Serikali ya Waingereza ikamtumia ujumbe kuwa imetafakari impe zawadi gani, ikaona zawadi nzuri kuliko zote ni kumrudishia mwanae. Sio mpwa. Mwanae. Miaka 42 ya siri, halafu karani fulani wa serikali anaandika neno moja kwenye telegramu, na dunia haikuanguka.

Wakakaa India miaka yote ya vita, wakafundisha walimu zaidi ya elfu moja. Akarudi Ulaya 1946, akaenda tena India, akapendekezwa kwa tuzo ya amani ya Nobel miaka mitatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951. Hakupewa. Tarehe 6 Mei 1952 akafariki Noordwijk aan Zee, mji wa pwani huko Uholanzi, akiwa na miaka 81. Walioandika maisha yake wanasema siku ile ile alikuwa anazungumza na Mario kuhusu safari ya Afrika, kwenda kufundisha walimu, na Mario anamwambia afya haimruhusu tena. Kwenye wosia akamwachia Mario kila kitu, na humo akamwita mwanangu. Mario naye akaendelea na kazi ya mama mpaka alipofariki mwaka 1982.

Italia ikaweka sura yake kwenye noti ya lira 1,000 iliyotoka mwaka 1990, na ikatumika mpaka pesa ya euro ilipoingia mikononi mwa watu mwaka 2002. Na nyie wa kafe hii ni yenu: Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google, wote wawili walisoma shule za Montessori. Hiyo hiyo Google niliyomtafutia.

SASA MIMI

Kinachoniuma ni kuwa jina hilo leo halina mwenyewe, yeyote anaweza kulipaka ukutani na kupandisha ada. Kitu kilichoanzia kwenye chumba cha maskini, bure, kimegeuka alama ya wenye nazo. Ukitaka kujua kama ni Montessori kweli, usiangalie bango. Angalia kabati. Je, mtoto wa miaka mitatu anafikia? Je, anaruhusiwa?

Kwangu sijaandika jina hilo, na sitaandika. Nilichofanya ni hiki. Nilinunua kreti mbili mbovu za soda, nikazipanga ukutani. Nikaweka maharage na vikombe vya kumiminia, vifuniko vya chupa vya kupanga, kitambaa kidogo cha kufutia meza, jagi dogo la maji. Fundi wa jirani alinipa vipande vya msasa nikakata herufi. Kila asubuhi tunapenga kamasi kwa pamoja, kwa heshima kabisa. Mtoto wa kung'ata hajaacha moja kwa moja, nisiwadanganye, ila akiwa na maharage yake anaweza kukaa nusu saa bila kumkumbuka mtu. Televisheni nimeigeuzia ukutani mpaka jioni.

Na kila Jumamosi nakaa na mama mmoja mmoja dakika kumi tuongee kuhusu mwanae. Hapo ndo yalinikuta. Mama mmoja, yule wa Feri, baada ya kunisikiliza namsimulia kila kitu kuhusu mtoto wake, anapenda nini, anaogopa nini, anakohoa saa ngapi, akaniuliza na wa kwako anapenda nini?

Sikuwa na jibu. Najua anavaa kiatu namba ngapi kwa sababu natuma pesa ya viatu. Basi.

Simhukumu Maria Montessori, mniamini. Waliomhukumu wamejaa kwenye mtandao, na wengi wao hawakuwahi kuchagua kati ya mtoto na mkate. Bila ile siri pengine asingekuwa daktari, na bila udaktari wake wale watoto wa San Lorenzo wangeendelea kushinda kwenye ngazi. Lakini miaka kumi na tano ni mingi, na hakuna Casa dei Bambini iliyomrudishia Mario hata siku moja ya hiyo. Yeye alizuiwa na kashfa. Mimi ninazuiwa na nini? Nyumba ninayo. Kreti ninazo. Watoto tisa ninao, wa kumi atanishinda nini?

Nimeshaongea na mama yangu. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, maana na yeye huyo ndo mtoto wake sasa, na hilo nalo nimelifikiria usiku kucha. Tumekubaliana nitakwenda Desemba, nitakaa nao wiki mbili, halafu tutashuka wote watatu, bibi akae na sisi mpaka mtoto azoee. Januari anaanza darasa la kwanza. Nauli naweka kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa.

Ninachoogopa ni siku ile nitakapomwambia kuwa mimi sio dada yake. Sijui nianze vipi. Kwa hiyo naomba, wadau, nyie mliolelewa na bibi halafu mkarudishwa kwa mama zenu, na najua mko wengi sana humu, niambieni hapo chini. Mliambiwaje? Na mlichukua muda gani kumwita mama?